Nesi Sabuni na mapacha waliopewa dawa kwa zamu

Saa mbili asubuhi haijagonga, na tayari Nesi Sabuni amekwisha kugombana na watu watatu.

Wa kwanza ni baba kijana aliyeingia wodini na viatu vya matope. Wa pili ni mtu wa stoo aliyeleta glovu kubwa zinazomvuka mtu mkononi. Wa tatu ni mwandishi wa makala haya, aliyenawa mikono harakaharaka akidhani hakuna anayemwona.

"Rudi ukanawe," anasema bila kugeuka. "Mpaka viwikoni. Na hiyo saa vua. Hawa watoto hawana kinga ya kupambana na uchafu wako."

Mwandishi anarudi kunawa. Akitoka anapachikwa mikononi rundo la vikofia vya sufu vilivyotoka kufuliwa, avipange kwa ukubwa. Ndivyo alivyo mama huyu: ukimwuliza swali, anakupa kazi.

Jina la Sabuni alibandikwa na mama za watoto, naye halimsumbui. Hata mumewe, fundi bomba, akipiga simu ya wodini huuliza, "Sabuni yupo, au anamfokea mtu?"

Wodi yenyewe ni chumba kirefu chenye joto la kumtoa mtu jasho, madirisha yamefungwa, mashine zinalia kwa zamu. Humu wamelazwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, wale ambao watu huwaita njiti. Mguu wa mmoja wao ni mwembamba kuliko kidole gumba cha mama yake. Leo wako kumi na saba, na nesi wa zamu ni mmoja.

"Mwenzangu amepelekwa wodi nyingine kuziba pengo," anasema. "Pengo la huku ataziba nani? Wewe na vikofia vyako?"

Sabuni amefanya kazi hii tangu binti yake wa kwanza akiwa tumboni, na binti huyo sasa anamaliza sekondari. Mshahara wake ni wa nesi wa kawaida. Siku za kuwafuata watoto majumbani baada ya kuruhusiwa, nauli hutoka mfukoni mwake kwanza, kisha huomba arudishiwe. Ukimuuliza kama hurudishiwa, anacheka kicheko kisicho na furaha.

Linalomkera zaidi si mshahara. Ni kwamba watu humpongeza mtoto anapotoka wodini akiwa hai, halafu wote hufunga mjadala.

"Mtoto akizaliwa mapema, mwili wake haujajua kupigana," anaeleza huku akimlaza mmoja ubavu. "Vijidudu vikiingia, au mashine ya kupumulia ikiyachokoza mapafu, mwili unawaka. Unavimba kwa ndani. Basi ule moto unafika mpaka kwenye ubongo, na ubongo wenyewe bado mlaini. Mtoto anapona, anaenda nyumbani, watu wanashangilia. Mwaka ukipita, mama anaona miguu imekakamaa. Hapo sasa hakuna wa kushangilia."

Hali hiyo ya viungo kukakamaa ni aina mojawapo ya mtindio wa ubongo. Ndiyo sababu madaktari wa hospitali hii walianzisha utafiti wa dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, wakitaka kujua kama inaweza kuukinga ubongo wa njiti. Dawa hutolewa kila asubuhi, matone machache kupitia mrija wa kulishia, katika wiki za mwanzo za maisha.

Lakini huwezi kujua kama dawa inafaa bila kuilinganisha na kitu. Kwa hiyo nusu ya watoto hupata dawa, nusu hupata maji yaliyotiwa utamu kidogo. Kura hupigwa na kompyuta. Mabomba ya matone, sirinji ndogo zisizo na sindano, huja kutoka chumba cha dawa yakiwa yameviringishwa plasta ya kahawia, huoni kilichomo, na kila moja lina namba ya mtoto wake.

"Hata mimi sijui namnywesha nani nini," anasema Sabuni. "Daktari hajui. Mama hajui. Na kila siku ya Mungu naulizwa."

Mama za watoto hawakukubali kukaa gizani. Mmoja alitangaza kwamba mtoto akipiga chafya baada ya matone, hiyo ni dawa; asipopiga, ameambulia maji. Basi wodi nzima ikawa inasubiri chafya.

"Jamani! Mtoto akipiga chafya, amepiga chafya! Nilisema mpaka sauti ikakauka. Wananiambia, 'Sabuni, wewe unaficha.' Nifiche nini mimi?"

Yote hayo, anasema, yalikuwa utani ukilinganisha na yale ya mapacha.

Walizaliwa yapata mwaka mmoja na nusu uliopita, wavulana, mapema mno. Mama yao ni fundi cherehani. Yule mzito kidogo wodi ilimwita Bwana Mkubwa. Mwenzake, ambaye alipungua kwa uzito wa limau moja hivi, akaitwa Kidole. Zaidi ya hapo hungewatofautisha: vikofia sawa, mirija puani sawa, sura zile za kizee ambazo njiti wote wanazo.

Kila pacha alipigiwa kura yake. Sabuni ndiye aliyemketisha mama na kumweleza, kwa uvumilivu ambao anasema ulimgharimu. Alimwambia wazi kwamba huenda wote wakapata dawa, huenda wote wakapata maji, na huenda mmoja akapata dawa na mwenzake maji.

"Wengine huwa hawanielewi," anasema. "Yeye alinielewa vizuri mno."

Siku chache baadaye, uzito wa mapacha, hasa wa Kidole, ukaanza vituko. Leo amenenepa ghafla, kesho amepungua vibaya, kisha amepanda tena. Sabuni akaushutumu mzani. Akamwita fundi wa vifaa, akaurekebisha. Vituko vikaendelea. Akawashutumu manesi wa zamu ya usiku kwamba wanapima mtoto na nepi mbichi, na mpaka leo mmoja wao hamsemeshi. Akamwita tena yule fundi, kwa maneno ambayo fundi mwenyewe anayakumbuka.

"Aliniambia nimesomea kukarabati redio," anasema fundi huyo, tulipomkuta karakanani akifungua pampu ya oksijeni. "Nikaenda dukani nikanunua pakiti ya sukari, nikaiweka kwenye mzani mbele yake. Kilo moja kamili. Nikamwambia sista, mzani huu hauumwi. Mwenye ugonjwa ni mwingine."

Sabuni alikasirika na sukari ile akaichukua.

Kilichokuwa kikitendeka alikiona kwa macho yake asubuhi moja, aliporudi wodini kufuata kipimajoto alichokisahau. Mama wa mapacha alikuwa amewatoa wote wawili kifuani, ambako huwabeba ngozi kwa ngozi wapate joto. Alikuwa amewalaza kila mmoja kwenye kitanda cha mwenzake. Na sasa alikuwa anawavua ule utepe wa namba wa mguuni na kuwabadilishia, bila haraka wala wasiwasi, kama mtu anayevisha watoto soksi.

Tepe zile zimetengenezwa kwa miguu ya watoto waliotimia. Kwenye mguu wa njiti hupwaya, huteleza zikatoka zenyewe.

"Nikamwuliza, unafanya nini? Akanitazama hivi, hana hata wasiwasi. Akaniambia, 'Leo zamu ya mdogo.'"

Mama yule aliamini kwamba Bwana Mkubwa, kwa kuwa ananenepa, ndiye aliyeangukiwa na dawa. Kwa hiyo akawa anabadilisha namba siku moja baada ya nyingine, ili kila mtoto aonje bomba la mwenzake. Mzani haukuwa na kosa hata kidogo: siku moja ulimpima Kidole, siku ya pili ulimpima Bwana Mkubwa kwa jina la Kidole.

"Nilimfokea," anasema Sabuni. "Matone yanapimwa kwa uzito wa mtoto! Unampa mdogo kipimo cha mkubwa, unajua utamfanya nini? Nilimfokea wodi nzima ikanyamaza. Ningemfokea hata leo. Ila si mbele ya watu."

Alikwenda moja kwa moja kwa daktari anayesimamia utafiti na kumweleza. Daktari, mama mpole ambaye sauti yake huisikii ukiwa umbali wa meza mbili, alijishika kichwa.

"Hatukuwa na namna," anasema daktari huyo. "Hatukujua kila mtoto amekunywa nini, wala kiasi gani. Kwa usalama wao tulisitisha matone siku hiyohiyo. Tuliwatibu kama watoto wengine wote, lakini ndani ya jaribio hawakuweza kuendelea."

Mama wa mapacha aliyasikia hayo kwa namna moja tu: wanangu wamenyang'anywa dawa. Aliondoka wodini watoto walipofikisha uzito wa kuruhusiwa, hakuaga, na kliniki akahudhuria mara moja tu. Baada ya hapo akawa mtu wa kupiga chenga.

"Nikipiga simu, amesafiri," anasema Sabuni. "Amesafiri vipi na cherehani naisikia inalia nyuma yake?"

Kwa nini asimwache? Sabuni anamtazama mwandishi kama amemkuta na kucha chafu.

"Huyu mdogo aliugua maambukizi ya damu wiki yake ya pili. Alipumuliwa na mashine. Mtoto kama huyo ukimuwahi, ukamfanyisha mazoezi ubongo wake ukiwa bado unajifunza, unaweza kuokoa mengi. Ukichelewa, misuli inajifunga, na kuifungua ni kazi ya kilio. Sasa mimi nakaa hapa nakunja vikofia, na yeye anaficha mtoto. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila hapa atakayeumbuka ni mtoto, ambaye hakuficha chochote."

Alhamisi alasiri, akitoka zamu, Sabuni anaamua kwenda. Hapigi simu. Anasema ukimpigia simu anayekukimbia, unampa nafasi ya kuvaa viatu.

Nyumba ni vyumba viwili nyuma ya kibanda cha ushonaji. Mlangoni pananing'inia sare za shule zisizo na vifungo. Ndani, cherehani inasimama ghafla. Mama wa mapacha, mwanamke mwembamba mwenye pini mdomoni, anazitoa pini moja moja kabla ya kusema neno.

"Karibu, Sabuni," anasema hatimaye. "Nilijua utakuja. Sikujua utakuja na gazeti."

Mama mkwe wake yuko kwenye kigoda akichambua vipande vya vitambaa. Sabuni, ambaye asubuhi alimfokea daktari kwa kuegemea kitanda cha mtoto, anapiga magoti kidogo kumwamkia bibi huyo kwa heshima zote, kisha anauliza hali ya nyumba, ya afya, ya majirani. Salamu zinapokwisha, macho yake yanawatafuta watoto sakafuni.

Bwana Mkubwa anakuja mbio, anadondoka, anainuka, anakamata mkoba wa mgeni na kuanza kuukagua. Kidole ameketishwa pembeni, ameegemezwa kwenye furushi la vitambaa. Anacheka. Anamjua mtu mpya na anamfurahia. Lakini ngumi zake zimefumbwa, na miguu imenyooka mbele yake, kisigino kimoja juu ya kingine.

"Huyu mvivu tu," anasema mama yake upesi. "Mwenzake ana haraka, yeye hana."

"Hata baba yao alichelewa," anadakia bibi. "Alitembea watu wamekata tamaa. Leo si huyo, anaendesha lori?"

Sabuni anamchukua mtoto, anamlaza mapajani, anaifungua ngumi moja kidole kwa kidole. Inajifunga tena. Anaukunja mguu kwenye kifundo, polepole, na mguu unakataa. Anaujaribu wa pili, nao unakataa.

"Sema tu," anasema mama.

"Ana dalili. Daktari ndiye atakayethibitisha, lakini mimi dalili nazijua. Viungo vinakaza."

Mama anaketi kwenye stuli ya cherehani. Kisha anauliza swali ambalo bila shaka amelala nalo mwaka mzima.

"Ni kwa sababu niligawa?"

"Sijui."

"Angeachiwa yake peke yake, asingekuwa hivi?"

"Sijui. Ya kwake yenyewe sijui kama ilikuwa dawa au maji."

"Kwa hiyo labda niliwachanganyia maji na maji!"

"Labda."

"Utafiti ukiisha si mtafungua hizo siri? Si mtaniambia?"

Hapa hasira ya Sabuni inarudi, lakini safari hii haijulikani inamwelekea nani.

"Tutafungua. Tutajua namba yake ilikuwa na nini. Halafu itatusaidia nini, dada yangu? Kidole hakunywa ya namba yake. Alikunywa yake na ya mwenzake, na zamu zenyewe hukumbuki. Watoto wote waliobaki, siku moja mama zao wataambiwa. Wewe hakuna wa kukuambia. Si mimi, si daktari, si hiyo kompyuta."

Mama anajifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anashona. Bibi ameacha kuchambua.

"Mimi ndiye niliyemwambia," anasema bibi. "Nilisimama pale dirishani mwenu, maana mlinikataza kuingia. Nikamwambia mwanangu, watoto wa tumbo moja hawanyimani. Kama kuna cha mmoja, wagawane. Mnilaumu mimi."

"Mama, sikuja kulaumu mtu," anasema Sabuni, na kwa sauti yake ni wazi kwamba njiani alikuja na lawama za kutosha. "Alizaliwa mapema. Aliugua. Mashine ilimpumulia. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuumiza ubongo, na ndiyo maana tulikuwa tunaijaribu hiyo dawa, kwa sababu hatujui kitakachosaidia. Wapo watoto hawakugawana na mtu, na wamekuwa hivihivi. Kugawa kwenu sijui kama kulimdhuru. Kunikimbia mwaka mzima, hilo najua limemchelewesha."

Ni maneno makali kumwambia mtu nyumbani kwake. Mwandishi anatazama chini. Mama wa mapacha hatazami chini.

"Nilikuwa naogopa utaniambia ni mimi," anasema.

"Na mimi nimekuja kukuambia Jumatatu, saa mbili, chumba cha mazoezi. Usipokuja, nakuja tena. Na nitakuja na kelele, majirani wasikie."

Nje, akitembea kuelekea kituoni, Sabuni anajifuta macho kwa kiwiko na kulilaumu vumbi. Kisha anaanza kumlaumu kila mtu kwa mpangilio: waliotengeneza tepe kubwa, waliomfungia bibi nje ya dirisha badala ya kumketisha na kumweleza, yeye mwenyewe aliyeamini mzani umeharibika kabla ya kuamini kwamba mama anaweza kuhangaika kiasi kile.

"Tunawaambia, 'Kaa utulie, mwanao huenda anapata maji,'" anasema. "Nani angetulia? Mimi ningetulia?"

Tangu mwaka ule, mapacha wakiingia kwenye utafiti hupigiwa kura moja, wanapata kitu kimoja wote wawili. Tepe sasa hushonwa kwa ukubwa wa njiti. Bibi na baba huitwa siku ya maelezo na kuuliza watakacho, mpaka Sabuni achoke. Anachoka mapema.

Mpango wake mkubwa ni wa siku ambayo matokeo yatatoka. Watafiti watayaandika kwenye jarida la kitabibu, jambo ambalo yeye anaona ni sawa na kuyafukia.

"Nani kati ya mama zangu anasoma jarida? Nitawaita hapahapa, mmoja mmoja, niwaambie kwa mdomo wangu. Ikiwa dawa ilisaidia, nitasema. Ikiwa haikusaidia kitu, nitasema pia, na nitakaa niwasikilize wakinitukana. Walitukabidhi watoto wao bila kujua tunawanywesha nini. Hawawezi kuwa watu wa mwisho kujua."

Jumatatu, saa mbili inapita. Saa tatu inapita. Katika chumba cha mazoezi kuna mkeka, mpira mkubwa na kioo kilichoegemezwa ukutani. Sabuni aliomba ruhusa ya nusu saa kutoka wodini, ikaisha, akaomba nyingine, na zote amezitumia kusimama mlangoni. Saa nne, mama wa mapacha anatokea kwenye korido, Kidole mgongoni, anahema.

"Nilikwambia saa mbili!"

"Mtu alikuja kuchukua sare zake..."

"Sare! Mlete huyo hapa."

Mtaalamu wa mazoezi, kijana mtaratibu, anapiga magoti kwenye mkeka na kumwonyesha mama jinsi ya kukishika kiuno, jinsi ya kusubiri misuli ilegee yenyewe bila kuilazimisha. Kidole analia. Analia kwa nguvu, uso umeiva, akimtazama mama yake amwokoe. Mama ananyoosha mikono kumchukua, kisha anairudisha na kumshika kiuno kama alivyoonyeshwa.

"Atatembea, Sabuni?" anauliza, bila kuinua kichwa.

"Usiniulize nisilolijua. Nimechoka kuulizwa nisiyoyajua. Msimamishe."

Mama anamsimamisha. Miguu inakaza, visigino havigusi mkeka, mwili mzima unatetemeka. Kisha kisigino kimoja kinashuka, kinagusa, na kwa muda mfupi mtoto amesimama mbele ya kioo, amesahau kulia, anajishangaa. Magoti yanakunjika, anadondokea mikononi mwa mama yake. Mama anageuka, machozi yanamtiririka, kutazama kama Sabuni ameona.

Sabuni ameona. Amekunja mikono kifuani, uso umekunjamana kama wa mtu anayedai.

"Tena," anasema.